Mashine ya Kulimia Bustani: Nguvu za Injini Si Sifa ya Kwanza

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Maneno hayo yalikuwa ya haki wakati chombo cha kulimia kilipokuwa kipande cha chuma na mpini wake. Jembe hili na jembe lile hayakupitana sana, na mtu aliyesimama dukani asubuhi nzima akigeuza majembe alionekana kuwa anaikimbia kazi. Lakini tangu injini zilipoingia mashambani, methali hiyo haina budi kuwekewa mipaka. Mashine ya kulimia yaweza kumgharimu mkulima akiba ya miaka kadhaa, pengine na karo ya watoto, na asipoichagua vema yaweza kumfia mikononi katika juma lile lile ambalo mvua imeshuka na miche inangoja kitaluni.

Jambo hili lawahusu watu wa namna mbili hasa. Wa kwanza ni mkulima wa mboga wa Limuru, Kinangop, Karatina au Subukia, mwenye ekari moja au mbili za kabichi, karoti, sukumawiki na viazi. Wa pili ni karani au mwalimu aliye kazini mjini, naye ana shamba nyumbani ambalo huliona Jumamosi na Jumapili tu. Wa kwanza hana mikono ya kutosha. Wa pili hana siku za kutosha. Wote wawili wafikapo penye duka la mashine huuliza swali moja: "Ina nguvu za farasi ngapi?" Swali hilo si baya, lakini si la kwanza. La kwanza ni hili: siku itakapoharibika, ni nani atakayeitengeneza, na kipuri chake kitatoka wapi?

KAZI YA MASHINE HII

Mashine hizi hazilimi kama plau. Plau huukata udongo na kuupindua. Mashine hii ina mhimili unaozunguka wenye visu, navyo huukatakata udongo na kuuchanganya mahali pale pale. Asili yake ni ya zamani kidogo. Mwaka 1912 kijana mmoja wa Australia, Arthur Clifford Howard, alianza kufanya majaribio ya visu vya kuzunguka katika shamba la baba yake huko Gilgandra, New South Wales. Visu vyake vya kwanza viliutupa udongo kando, na baadaye akagundua kwamba kisu kilichopindwa mfano wa herufi L hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Mwaka 1920 alipata hataza ya uvumbuzi wake. Visu vya umbo hilo ndivyo vinavyoonekana katika mashine nyingi hata leo.

Faida ya mashine yaweza kuhesabiwa kwa miguu ya mtu. Ekari moja ni futi za mraba 43,560. Afuataye plau ya ng'ombe inayokata upana wa inchi 9 hutembea maili 11 kabla ya kuimaliza ekari hiyo, na baada ya hapo bado haro yahitajika. Mashine inayolima upana wa futi 2 humtembeza maili 4 na kidogo. Akilazimika kupita mara mbili kwa ajili ya ugumu wa udongo, ni maili 8 na robo, na akimaliza udongo uko tayari kupokea mbegu. Kwa mtu mwenye siku mbili tu katika juma, tofauti hiyo ni kubwa.

Hata hivyo, mwenye bustani isiyofika robo ya ekari na afikiri mara mbili. Jembe zuri, jembe la meno na kibarua wa siku chache humtosha, na fedha zake zingefaa zaidi katika samadi na bomba la maji.

AINA TATU

Mashine zinazouzwa ni nyingi kwa majina na rangi, lakini kwa umbo zagawanyika katika aina tatu.

Aina ya kwanza ni nyepesi. Haina magurudumu yanayoendeshwa na injini. Visu vyenyewe, vilivyo mbele au chini ya injini, ndivyo vinavyoivuta. Nyuma kuna chuma kinachochomekwa ardhini ili kuizuia isikimbie. Yafaa kwa matuta yaliyokwisha kulimwa, kwa kupalilia kati ya mistari mipana, na kwa pembe ambazo mashine kubwa haigeuki. Lakini katika ardhi ngumu huruka kama mbuzi aliyefungwa kamba, na jioni mtu huona kwamba mikono yake imechoka kuliko kama angalishika jembe.

Aina ya pili ina magurudumu yanayozungushwa na injini, na visu viko nyuma yake. Magurudumu huishikilia mashine isirushwe na visu, kwa hiyo hutembea pole pole bila kuvutana na mwenye kuiendesha. Ni nzito zaidi na ghali zaidi. Kwa bustani ya nusu ekari mpaka ekari mbili, hii ndiyo inayofaa mara nyingi.

Aina ya tatu ni trekta la mkono, ambalo ndugu zetu wa Tanzania huliita pawatila. Mara nyingi ni la dizeli, lina magurudumu mawili makubwa, na mbali na kulima laweza kuvuta mkokoteni na kuendesha pampu ya maji. Lahitaji nafasi ya kugeukia na mtu mwenye nguvu za kulitawala. Tanzania ilipotangaza mpango wa Kilimo Kwanza mwaka 2009, mashine hizo zilienea katika wilaya nyingi. Katika mabonde ya mpunga kama Usangu, penye udongo mbichi, zilionyesha faida yake. Lakini katika nchi kavu yenye udongo mgumu wakulima wengi walilalamika kwamba zinashindwa. Mashine ya namna moja yaweza kusifiwa katika wilaya moja na kulaumiwa katika wilaya ya pili, na watu wa pande zote mbili wakawa wanasema kweli.

UDONGO NDIO UNAOCHAGUA

Kwa sababu hiyo mnunuzi mwenye busara huutazama udongo wake kabla ya kuitazama mashine. Udongo mwekundu wa Kiambu na Murang'a ni wenye kina na humeguka vizuri. Hata mashine ya kadiri hufanya kazi njema hapo. Udongo mweusi wa Mwea na wa mbuga za Athi ni kama tofali wakati wa kiangazi na kama gundi wakati wa mvua. Huo hutaka mashine nzito, na hutaka saa yake maalumu. Shamba la mawe hutaka visu vinene, na mashine yenye pini au mkanda utakaokubali kukatika au kuteleza kabla gia hazijavunjika.

Kuna jaribio rahisi la kujua kama udongo uko tayari. Mkulima achukue konzi moja kutoka kina cha visu, aifinye mkononi iwe donge, kisha aliachie lianguke kutoka kiunoni. Likimeguka, na alime. Likikaa donge kama lilivyo, angoje siku moja au mbili. Anayelima udongo ulio mbichi mno kwa mashine huukandamiza na kuusugua, na chini ya visu hutokea tabaka gumu ambalo mizizi ya karoti hailipenyi na maji hayapiti. Tabaka hilo huzidi kuwa gumu kila msimu shamba linapolimwa kwa kina kile kile. Yafaa, kila baada ya misimu michache, kulivunja kwa jembe la meno au kwa plau iingiayo chini zaidi.

Magugu nayo yana neno lake. Wengi hununua mashine wakidhani kwamba itawaondolea sangari na ndago. Mambo huwa kinyume. Sangari huenea kwa mizizi mirefu iliyolala chini ya ardhi, na visu vikiikata vipande ishirini, kila kipande chenye kifundo chaweza kuchipua. Mwenye shamba lililojaa sangari hana budi kwanza kuing'oa kwa jembe la meno wakati wa jua kali, aikusanye, aianike mpaka ife kabisa. Ndipo alete mashine.

Tena kuna mashamba ya mteremko. Udongo uliosagwa laini kama unga huchukuliwa na mvua ya kwanza hadi mtoni. Hapo mashine na ipite kwa kukingama, kufuata matuta ya kuzuia maji, wala isipitishwe mara nyingi kuliko inavyohitajiwa. Na mteremko ukiwa mkali sana, hata injini huumia, kwa maana injini ndogo nyingi hujipaka mafuta kwa kuyarusha kutoka chini. Zikiinama mno, mafuta hukimbilia upande mmoja na vyuma hukaukiana.

NGUVU HUPUNGUA MLIMANI

Sasa na tuje kwenye nguvu za farasi. Tarakimu iliyoandikwa juu ya injini hupimwa katika hali ya nchi ya chini, karibu na usawa wa bahari. Mtu apandapo mlimani hewa huwa nyembamba, na injini hupata hewa kidogo ya kuchomea petroli yake. Kanuni ya mafundi ni kwamba injini ndogo hupoteza kadiri ya asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila futi 1,000 za kupanda. Kinangop iko karibu futi 8,000 juu ya bahari. Maana yake ni kwamba injini iliyoandikwa nguvu 6 itatoa huko nguvu 4 na nusu tu. Mkulima wa Mtwapa na mkulima wa Kinangop wakinunua mashine moja kutoka duka moja siku moja, watakuwa na mashine mbili mbalimbali.

Mkulima wa nyanda za juu basi anunue injini yenye nguvu zaidi kidogo kuliko anavyoshauriwa na karatasi ya matangazo, na amwombe fundi airekebishe kabureta kwa ajili ya hewa ya mlimani. Akiona plagi inakuwa nyeusi kwa masizi na injini inatoa moshi mweusi, hiyo ni dalili kwamba petroli imezidi hewa.

MASWALI YA DUKANI

Mnunuzi akiisha kujua udongo wake, ukubwa wa bustani yake na kimo cha nchi yake, yuko tayari kuingia dukani. Asianze na bei. Aseme: "Bwana, nionyeshe kwanza visu vya akiba, mkanda, waya wa klachi na sili ya mafuta ya mashine hii." Akijibiwa, "Tutaagiza," aulize tena: "Vikiagizwa leo, vitafika lini?" Mwuzaji mwaminifu atajibu kwa siku au majuma. Mwingine atacheka na kusema kwamba mashine hii haiharibiki. Hakuna mashine isiyoharibika. Na anayesema hivyo amekwisha toa jibu.

Kwa upande wa injini, taabu imepungua siku hizi. Injini nyingi ndogo za petroli zinazouzwa leo zimeigwa kutoka umbo la injini za Honda za aina ya GX, na kwa kuwa injini za namna hiyo huendesha pia pampu na mashine za umeme, mafundi wengi wa miji midogo huzijua na vipuri vyake vingi vyapatikana. Taabu iko katika sanduku la gia. Gia za mashine moja haziingii katika nyingine, na zikivunjika hakuna fundi wa kijijini awezaye kuzichonga. Mnunuzi na aulize kama sanduku hilo limefungwa kwa boliti, ili liweze kufunguliwa, au limebanwa moja kwa moja kiwandani. Lililobanwa likifa, limekufa.

Mambo mengine ya kutazama ni haya. Kichujio cha hewa kiwe rahisi kutoa na kusafisha, kwa sababu vumbi la kiangazi likiingia ndani ya injini huisaga kama msasa. Visu viwe vimefungwa kwa boliti, si kuchomelewa, ili kimoja kikiisha kibadilishwe peke yake. Vipini viweze kupandishwa na kushushwa kufuata kimo cha mwenye kulima. Na zaidi ya yote, mashine iwe na kishikio ambacho mtu akikiachia visu husimama mara moja. Isiyo na kitu hicho isinunuliwe hata ikiwa bei yake ni nusu.

Mwisho, aombe kuona mashine ikiwashwa ikiwa baridi, na ikiwezekana ijaribiwe katika shamba lililo kama lake. Mashine ambayo mwuzaji amekwisha kuipasha moto kabla ya mnunuzi kufika haijaonyesha tabia yake ya asubuhi.

HESABU YA FEDHA

Bei ya dukani ni mwanzo tu wa gharama. Tuchukue mfano wa kuhesabia, ambao kila mtu ataubadilisha kwa tarakimu za kwao. Mashine imenunuliwa kwa shilingi 90,000, imetumika miaka 6, kisha imeuzwa kwa shilingi 18,000. Imepungua thamani shilingi 72,000, yaani 12,000 kila mwaka. Matengenezo na visu tuseme ni 8,000 kwa mwaka. Kwa hiyo kabla ya kulima hata tuta moja, mwenye mashine amekwisha kutoa shilingi 20,000. Petroli na mtu wa kuiendesha tuseme ni 5,000 kwa ekari.

Akilima ekari moja katika misimu miwili, yaani ekari mbili kwa mwaka, kila ekari imemgharimu shilingi 15,000. Akilima na za jirani zikawa ekari kumi, kila moja imemgharimu 7,000, hata kama visu vitakwisha upesi kidogo. Katika hali ya kwanza pengine kukodi ni afadhali. Katika hali ya pili mashine yaweza kujilipa yenyewe.

Wengine huungana, wakulima wanne au watano, wakanunua moja. Ni shauri jema, lakini ugomvi wake wajulikana: mvua ikinyesha wote huitaka siku ile ile. Basi kabla ya kutoa fedha na waandike ni nani atakayetangulia msimu huu na ni nani msimu ujao, ni nani mwenye ufunguo, na kila ekari itatozwa kiasi gani kwa ajili ya matengenezo. Maandishi hayo yasipokuwapo, ujirani huvunjika kabla ya gia.

KUITUNZA NA KUJITUNZA

Mashine iliyo bora huharibiwa na mwenye uvivu kwa msimu mmoja. Mafuta ya injini mpya hubadilishwa mapema. Watengenezaji wengi huagiza baada ya saa 20 za kwanza za kazi. Katika vumbi, kichujio husafishwa kila siku. Boliti hukazwa kila asubuhi, kwa kuwa mtikiso huzilegeza. Majani marefu, nyuzi za magunia na nyaya hujizungusha penye mhimili wa visu. Zisipotolewa hupenya mpaka kwenye sili na kuikata, mafuta ya gia huvuja kimya kimya, na baada ya siku chache gia huungua.

Msimu ukiisha, petroli isiachwe ndani ya kabureta. Ikikaa miezi huoza na kuacha utando mithili ya gundi unaoziba matundu madogo. Mashine nyingi zinazokataa kuwaka siku ya mvua ya kwanza hazina ugonjwa mwingine ila huo.

Tena visu havitofautishi mzizi na mguu wa mtu. Mwenye kuendesha avae viatu vigumu, wala si ndara. Asiondoe majani yaliyokwama kabla ya kuzima injini. Akirudisha mashine nyuma atazame kwanza kilicho nyuma yake, kwa maana wengi huumia wakiwa wamebanwa kati ya mashine na mti au ukuta. Watoto wawe mbali. Petroli isitiwe injini ikiwa moto, na injini isiwashwe ndani ya ghala lililofungwa, kwa sababu moshi wake una sumu isiyo na harufu.

Kwa mtu aliyekwisha kuyapima haya, wakati wa kununua ni kiangazi, kama Januari au Agosti, wala si siku mawingu yanapokusanyika. Katika kiangazi mwuzaji ana nafasi ya kujibu maswali, fundi ana nafasi ya kuikagua, na mnunuzi ana majuma kadhaa ya kuijaribu na kuirudisha ikiwa ina kasoro. Anayenunua mvua inanyesha hununua iliyopo. Anayenunua mapema hupata ile inayofaa udongo wake, na mvua itakapokuja ataikuta imefutwa vumbi, ina mafuta, na visu vya akiba vimetundikwa ukutani.